Mguu wa Kushoto wa Mzee Rula

12 Januari

Fundi, shikamoo.

Hunijui. Mwenzangu kazini ana viatu ulivyomshonea miaka sita iliyopita na bado vinamtia kiburi. Nilimuuliza kavinunua duka gani, akanicheka, akanipa anwani yako. Akanionya kwamba simu huna, picha hupokei, na kwamba mteja asiyetaka kuandika barua unamwambia akanunue ndala.

Basi naandika. Naolewa tarehe 20 Aprili na nataka umshonee baba yangu viatu. Alikuwa mchora ramani za majengo, miaka thelathini ameinamia meza na penseli, na wenzake walimbandika jina la Rula kwa sababu hata kikombe cha chai alikuwa anakiweka sambamba na ukingo wa meza. Siku hizi ni Mzee Rula kwa kila mtu, hata kwangu mimi akiwa hasikii. Mama hayupo. Baba anaishi na shangazi yangu, dada yake, na maisha yake yote amevaa viatu vya dukani, namba arobaini na mbili, vikimbana anasema vitalegea.

Nataka vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba, na kisigino kinachogonga sakafu mpaka watu wageuke. Kutoka mlango wa ukumbi hadi meza yetu ni hatua arobaini. Mchumba wangu alikwenda kuzihesabu, nikamrudisha akazihesabu tena. Baba ndiye atakayenishika mkono hatua zote hizo.

Mimi nimekuwa ugenini miaka minne. Nina likizo moja ya wiki mbili, ndiyo hiyo ya harusi. Baba namwona kwenye simu tu, uso na kofia. Nimempa anwani yako, na yake nimeiandika huku nyuma. Mambo ya vipimo malizaneni wenyewe.

Binti wa Mzee Rula


24 Januari

Mzee wangu,

Salamu ndefu tuwaachie wenye nafasi. Binti yako ameniagiza nikushonee viatu vya harusi, na mimi siwezi kukata ngozi kabla ya kuuona mguu. Kwa kuwa uko mbali, mguu utakuja kwa karatasi.

Weka karatasi sakafuni, si kwenye zulia. Simama juu yake bila soksi, uzito wako wote umeshuka. Usijichore mwenyewe, maana ukiinama mguu unabadilika. Mpe dada yako penseli, aishike wima, azunguke mguu taratibu bila kuibana. Kisha azungushe utepe mahali patatu: kwenye vidole, katikati, na kifundoni, aandike namba pembeni. Fanyeni jioni, kwa sababu mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, na harusi haziishi asubuhi.

Chora yote miwili, kila mmoja karatasi yake. Watu hudhani miguu ni mapacha. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani tabia.

Fundi


5 Februari

Ndugu Fundi,

Nimepokea maelekezo yako na nimefurahi kukutana na mtu anayejua kuandika maelekezo. Nimeambatanisha karatasi mbili, ya kulia na ya kushoto, zikiwa na vipimo vyote kwa milimita. Dada yangu mkono wake unatetemeka, kwa hiyo kazi ya penseli nimeifanya mwenyewe. Usiwe na wasiwasi, nimeshika penseli muda mrefu kuliko kijiko.

Binti yangu anataka kisigino kirefu. Kifanye cha wastani, mwambie ni mambo ya kitaalamu.

Mzee Rula


14 Februari

Mzee wangu,

Michoro yako ni mizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Nimeshona viatu miaka thelathini na moja. Sijapata kuona mguu wa kushoto wenye kila kitu cha wa kulia, hadi kinundu kando ya kidole cha mwisho. Nikazibandika karatasi zako dirishani, moja juu ya nyingine, moja nimeigeuza. Mstari ukalala juu ya mstari. Umeuchora mguu mmoja, ukaunakili upande wa pili. Ungekuwa na mkono mbaya kidogo usingekamatwa.

Basi niambie, mguu wa kushoto ulikuwa na shughuli gani siku hiyo, hata ukakosa kuhudhuria? Nisamehe utani wangu. Nitumie karatasi ya kweli, nianze kuchonga kalibu, ule mguu wa mti ninaoshonea juu yake.

Fundi


23 Februari

Ndugu Fundi,

Mguu wa kushoto haukuwa na shughuli. Haupo. Ulikatwa chini ya goti mwaka jana mwezi wa Juni, sababu ya kisukari. Utani wako nimeusamehe, hukujua.

Binti yangu naye hajui. Kabla hajaenda huko aliko sasa, mama yake alipougua, binti alifunga mizigo akarudi nyumbani, akapoteza kazi nzuri aliyoihangaikia miaka mitatu. Mama yake akafa vilevile. Sikutaka mguu wangu umrudishe mara ya pili. Nikasema nitamwambia nikipona, nikapona, nikasema nitamwambia siku nyingine. Uwongo ukikaa ndani ya nyumba unakuwa kama fanicha, unaupita kila siku bila kuuona.

Nina mguu wa bandia sasa. Nilidhani utaingia kwenye kiatu chochote, hauna ubishi. Nimekutumia vipimo vyake vya kweli. Ninatembea na fimbo, lakini nafanya mazoezi sebuleni, na jana nimefika hatua ishirini na tisa bila fimbo. Suruali ndefu ikishuka juu ya viatu vizuri, hakuna atakayejua. Nitamfikisha mezani, nitakaa chini, na akisharudi kazini kwake ndipo nitamwandikia.

Kuna jambo moja linalokuhusu kama fundi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kina kidonda tangu Desemba. Nimeambatanisha mchoro mpya wa mguu huo, acha nafasi ya bandeji. Daktari anataka kukata vidole viwili mapema, nimemwambia tarehe 29 Aprili, siku moja baada ya ndege ya binti yangu kuondoka. Alikunja uso lakini aliandika.

Nakuomba, kwa heshima ya kazi yako na yangu, haya yabaki kati yetu.

Mzee Rula


3 Machi

Fundi, shikamoo.

Baba anasema kisigino kirefu kina matatizo ya kitaalamu. Ninamjua baba yangu. Akisema kitaalamu ujue hataki. Tafadhali ongeza kidogo tu, wakwe zangu ni warefu na sitaki aonekane mfupi kwenye picha.

Leo nilikuwa nakuwaza nikiwa kazini. Ninamtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Kila asubuhi naweka miguu yake kwenye beseni, naiosha, naikausha kidole kwa kidole, naangalia chini ya nyayo kama kuna mchubuko. Ana sukari, na tulifundishwa kwamba kwa mtu wa sukari kidonda kidogo ni cha kukimbiza hospitali siku hiyohiyo. Mzee wa watu anacheka anasema namtekenya. Huwa najisemea, miguu ya baba yangu sijaigusa tangu nikiwa mtoto namvua soksi akitoka kazini, na hii ya mtu baki naijua hadi kucha.

Ndiyo maana nataka viatu hivi viwe vizuri. Ni kitu pekee ninachoweza kumfanyia baba miguuni nikiwa huku. Naona aibu kukuandikia mambo haya, lakini wewe ni fundi viatu, nani mwingine atanielewa.

Binti wa Mzee Rula


12 Machi

Mzee wangu,

Kalibu zimekamilika. Kisigino kitakuwa cha sentimita mbili na nusu na hakitaongezwa, hata binti yako akilia. Mguu wa bandia umepangiwa kimo chake, nikipandisha kisigino utakusukuma mbele, utaanguka kabla ya meza. Kiatu cha kushoto nitakifungua zaidi shingoni, kwa sababu vidole vya bandia havijikunji kuingia.

Hayo ndiyo ya kazi. Sasa sikiliza ya mtu mzima mwenzako. Umenitumia mchoro mpya wa mguu wa kulia kwa ajili ya bandeji. Nimeulinganisha na ule wa kwanza. Umevimba milimita tisa upande wa kidole gumba. Mimi si daktari, lakini ngozi na mguu ndivyo vitu ninavyovijua, na mguu hauongezeki hivyo kwa wiki tatu kwa heri.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kakate vidole viwili leo, Mzee. Kwa harusi nitakushonea kiatu cha kulia ambacho hakuna atakayejua kimebeba vidole vitatu. Hiyo kazi naiweza. Na nipe namba ya simu ya binti yako, nitaazima simu ya jirani.

Fundi


20 Machi

Ndugu Fundi,

Wakikata sasa, nitalala wiki sita, na harusi iko wiki nne mbele. Hesabu haikubali. Nimechora majengo ya watu maisha yangu yote, la kwangu ni hili moja, hatua arobaini.

Kazi yako ni viatu. Namba sitakupa.

Mzee Rula


26 Machi

Binti yangu,

Nina habari mbaya. Ngozi niliyoikata imeharibika kwenye rangi, imeota mabaka, na nyingine kama hiyo itafika katikati ya Mei. Viatu vya baba yako havitakuwa tayari kwa tarehe 20 Aprili. Kosa ni langu, usimlaumu mtu.

Ushauri wangu ni kwamba mwambie baba yako mapema asivingoje. Mwambie harusi ni ya watu, si ya viatu, na kwamba utafurahi akija hata na makubazi, hata akiwa amekaa kwenye kiti tangu mwanzo. Mwambie kwa mkazo. Atakusikiliza wewe.

Fundi


5 Aprili

Fundi, shikamoo.

Barua yako ilinikasirisha kwa siku nzima, nikataka kukuandikia maneno mabaya. Kisha nikatulia. Umekiri kosa mwenyewe, na siku hizi hilo ni nadra.

Usijali, nimepata njia. Nilimpigia baba nikamwambia viatu vimekwama. Akauliza, "Havitakuwepo kabisa?" Sauti aliyoulizia sijawahi kuisikia. Nikajua hivi viatu kwake si mchezo. Nikafanyaje? Nimesogeza harusi hadi tarehe 1 Juni. Familia ninayoifanyia kazi wamekubali kunibadilishia likizo. Wakwe wamenung'unika, mama mkwe ameuliza kama naolewa na mwanawe au na fundi viatu, lakini ukumbi ulikuwa wazi na mchumba wangu ni mtu wa subira.

Nikampigia baba tena nikamwambia. Akasema sawa mwanangu, naye ana kijishughuli chake cha mwisho wa Aprili, atakisogeza mpaka baada ya harusi.

Kwa hiyo una muda wa kutosha. Shona pole pole.

Binti wa Mzee Rula


13 Aprili

Mwanangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, kisha usimalizie kazi unayofanya. Namba yako ya simu sina na baba yako amekataa kunipa. Nimeituma kwa njia ya haraka kuliko zote zilizopo posta.

Ngozi haikuharibika. Nilikudanganya. Viatu vya baba yako vimekamilika, viko hapa mezani mbele yangu.

Baba yako hana mguu wa kushoto. Ulikatwa mwaka jana kwa ajili ya sukari. Alikuficha ili usiache kazi. Mguu wa kulia una kidonda tangu Desemba, na kile kijishughuli cha mwisho wa Aprili ni kukatwa vidole viwili. Alikuwa anataka kutembea nawe kwanza. Aliniomba siri, nikamtunzia, nikijiona mwaminifu.

Uliponiandikia kuhusu beseni na miguu ya yule mzee, sikuweza kushika sindano siku hiyo. Kuvunja siri sikutaka, kunyamaza sikuweza, nikajifanya mjanja. Nilisema viatu vikikosekana, atakata tamaa ya kutembea, ataenda hospitali. Sikuwaza kwamba wewe ungesogeza harusi. Nimefanya kazi hii miaka yote hii na hakuna mteja aliyewahi kunisubiri, wote hukasirika wakaenda kwa mwingine. Wewe ukanisubiri.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hii nimeileta mimi. Nenda nyumbani, mwanangu. Leo.

Fundi


4 Mei

Fundi,

Barua yako ilikaa kwenye sanduku siku sita. Tulikuwa tumempeleka mzee kwa mwanawe, safari ya mapumziko. Niliisoma tarehe 24 nikiwa nimesimama, na nilifika nyumbani tarehe 27.

Baba alikuwa kitandani na soksi. Shangazi alifungua mlango akaanza kulia kabla sijasema neno, nikajua hujakosea hata kimoja. Nilimwomba baba avue soksi. Alikataa. Nikaivua mwenyewe. Harufu ile ninaijua, tulifundishwa. Weusi ulikuwa umeshafika kifundoni.

Walimkata tarehe 28, juu ya goti. Daktari akaniambia, bila ubaya, kwamba mwezi wa Machi vingekuwa vidole viwili. Nilipouliza ingekuwaje kama ningekuwa nyumbani tarehe 20 Aprili, akasema labda nusu ya mguu, pengine angebaki na kisigino. Sikuuliza zaidi. Hesabu ya siku zilizobaki naijua, ni mimi niliyezisogeza, kwa furaha, nikakwambia ushone pole pole.

Nimejaribu kukuchukia na kwa siku mbili niliweza. Kisha nikamkumbuka baba, na shangazi, na mimi mwenyewe ambaye kila jioni nilitazama kofia na uso kwenye simu nikaridhika. Tulikuwa wengi. Sijakusamehe, lakini sina nguvu ya kukubeba wewe na baba kwa pamoja.

Kazi nimeiacha. Alificha yote haya ili hilo lisitokee, na limetokea.

Baba hajui kwamba uliniandikia. Anadhani nilirudi kwa sababu nilihisi vibaya ndotoni, nimemwacha aamini hivyo. Hajui pia kwamba ngozi haikuharibika, na usije ukamwambia. Anaamini alichagua mwenyewe kusubiri na hilo linamsaidia kulala. Harusi itakuwa tarehe 1 Juni kama tulivyopanga, sebuleni, watu kumi.

Anauliza kuhusu viatu kila asubuhi. Vitume.

Binti


6 Juni

Ndugu Fundi,

Samahani kwa kuchelewa kukujulisha, nyumba ilikuwa na shughuli nyingi. Viatu vilifika tarehe 25 Mei, vikiwa salama, na nimeona ni haki uyasikie matokeo kutoka kwangu mwenyewe.

Vimenikaa sawasawa. Cha kushoto kiliingia bila taabu, ile shingo uliyoifungua ilikuwa ni akili kubwa. Cha kulia hakikunibana hata kidogo. Yale mambo ya kidole uliyokuwa na hofu nayo yalipona yenyewe, kwa hiyo na wewe punguza maneno ya wahenga.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilimshika binti yangu mkono mlangoni na tukaenda. Kisigino kiligonga sakafu kama alivyotaka, watu wakageuka. Mchumba alisema ni hatua arobaini, mimi nilihesabu thelathini na nane, kijana hajui kupima. Sikutumia fimbo. Tulipofika mezani binti yangu alilia, mabinti hulia harusini.

Nilitaka tu ujue kwamba kazi yako haikupotea. Mtu akishona kitu vizuri hivi, ni lazima aambiwe.

Mzee Rula


15 Juni

Mzee wangu,

Barua yako imenifikia salama, nimeisoma mara kadhaa. Nimefurahi sana kusikia kwamba vimekukaa. Hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko kipimo, na maneno ya wahenga nimeyapunguza kama ulivyoagiza.

Kwa kuwa umeshavitembelea, soli itakuwa imeanza kuchubuka mbele, usishtuke, ni kawaida. Usivikaushe juani. Vipake mafuta ya ngozi mara moja kwa mwezi, uvifute kwa kitambaa cha pamba, uvijaze magazeti visije vikalala. Mpe binti yako pongezi za harusi, na umwambie alichagua rangi nzuri.

Kalibu zako nimezitundika ukutani, ya kulia na ya kushoto, na jina lako. Ukihitaji jozi nyingine niandikie tu. Hakuna haja ya kupima tena.

Fundi